Mlio wa Chumba cha Mbele

Mita ya luku, ile ya umeme wa kulipia kabla, haina adabu. Inalia watu wakila, inalia watu wakisali, na msibani nako inalia. Nyumbani kwa Zamda, kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo unaotokea Msimbazi, mita ililia siku ya hitima ya mumewe. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka ukumbini. Tii, tii, tii. Waliokuwa wakisoma wakasita kidogo, kisha wakaendelea. Zamda alikuwa nyuma ya pazia, aibu imemjaa. Alijiuliza umeme umekwisha vipi, na walinunua juzijuzi tu.

Nyumba ile ni ya zamani. Ukumbi uko katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna choo na bomba. Mrisho, mumewe Zamda, aliirithi kwa baba yake. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mwenye maneno machache. Mungu hakuwajalia watoto. Vyumba viwili vya nyuma walivipangisha, ila mita ilikuwa moja. Umeme ukiisha, wenye nyumba na wapangaji walichanga pamoja. Ndivyo zinavyoishi nyumba nyingi za mjini, na ugomvi mwingi wa nyumba hizo huanzia hapohapo.

Chumba kimoja alikaa Idrisa, muuza makava ya simu sokoni. Yeye ndiye aliyenunua umeme kwa simu na kuingiza namba kwenye mita, pale barazani. Idrisa alikuwa mwepesi wa miguu, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi ya miguu.

Chumba cha pili alikaa Siwema. Huyu aliuza barafu za ubuyu na za ukwaju, zile za kwenye vifuko. Wateja wake walikuwa wachukuzi wa sokoni na watoto wa shule. Hakuwa na ndugu mjini. Alimwita Zamda "dada", na udada wenyewe haukuwa wa mdomoni tu. Zamda akitaka barafu na kunyoosha sarafu, Siwema alimfumba vidole, sarafu ikabaki humohumo. Alikuwa na msemo wake: "Hela ya dada hainunui kitu kwangu."

Mrisho aliugua kisukari kwa miaka mingi. Mwishoni alikuwa wa kuchomwa sindano, na dawa yake ilitaka ubaridi. Alihamishiwa chumba cha mbele, chenye dirisha la barazani, apate hewa. Friji yao ndogo ya zamani ikawekwa karibu na kitanda chake. Umeme ukikatika, Siwema alileta barafu zake za biashara kwenye bakuli. Alizifunika kwa kitambaa, ndipo akaweka dawa juu yake, ipate ubaridi bila kuganda. Hakuna aliyemwomba, na yeye hakupata kusema amepata hasara.

Mwezi uleule ambao Mrisho alizidiwa, Siwema, aliyekuwa akigandishia barafu zake kwa jirani, alinunua friza kubwa jeupe. Toka siku hiyo alichanga umeme sehemu mbili, bila kuambiwa na mtu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mrisho alifariki Ijumaa moja mchana. Baada ya mazishi, wifi mkubwa wa Zamda alitoa neno mbele ya wanawake wote. Vitu vya marehemu visiguswe mpaka arobaini, siku vitakapogawiwa. Hiyo ni mila yao, na Zamda aliishika kwa mikono miwili. Alifunga chumba cha mbele jinsi kilivyo. Ufunguo akauweka chini ya mto.

Basi akaanza kukaa eda. Mjane wa kwao akiwa eda hatoki ovyo, na hakai akizungumza na wanaume wasio maharimu zake, yaani wale wanaoweza kumwoa. Siku zilikuwa ndefu. Watu wa pole walipungua, kisha wakaisha. Alichobaki nacho Zamda ni ukuta. Chumba chake kilipakana na chumba cha mbele, na kupitia ukutani alisikia mlio mdogo. Mmmmm. Ulikuwa mlio uleule aliousikia miezi yote ya kumuuguza mumewe. Alilaza kichwa upande wa ukuta, akausikiliza, akapata usingizi. Mlio ule ulimliwaza kama vile Mrisho bado anapumua mle ndani.

Arobaini ikafika. Ndugu walikuja, wakasoma, wakala pilau. Wifi aliuliza habari ya chumba. Zamda alisema bado hajawa tayari, wakamwacha. Nani ambane mjane?

Lakini mita haikumwacha. Zamani uniti za umeme zilifika mwisho wa mwezi. Sasa hata nusu ya mwezi hazikufika. Tii, tii, tii. Idrisa akachanga akachoka. Ikawa akinunua umeme ananuna, na akinuna anasema kwa sauti, ili pazia lisikie. Alisema nyumba hii kabla ya friza ilikuwa na amani. Alisema wengine wanatafutia wengine riziki. Alisema kila mwenye macho anaona.

Na kweli, ukitazama haraka, ilionekana hivyo. Friza lilikuja, umeme ukaanza kukimbia. Nani angefikiria zaidi ya hapo? Hata Zamda alianza kuliangalia lile friza kwa jicho baya. Huzuni ni mbaya. Inamfanya mtu atafute wa kumbebesha mzigo wake.

Jioni moja mita ililia wakiwa wote nyumbani. Idrisa akasema leo lazima mwenye nyumba aamue. Zamda alikaa nyuma ya pazia la mlango wake. Siwema alikuwa ukumbini, amekaa kwenye kigoda, mikono yake myekundu kwa rangi ya ubuyu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, zima friza langu wiki moja. Barafu zikiyeyuka, ziyeyuke. Kisha tuone kama mita itatulia."

Hebu fikiria. Kumbe dawa ilikuwa palepale, na aliyeitoa ndiye mshtakiwa mwenyewe. Jaribio lile lingewaonyesha ukweli. Lakini Zamda alikuwa amechoka, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, na moyo wake ulikuwa mgumu kama kigae. Alijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Kabla ya friza lako hatukuwa hivi, Siwema. Sina haja ya kupima."

Siwema angeweza kumkumbusha bakuli za barafu. Angeweza kutaja ile sehemu ya pili aliyoichanga kila mara. Hakutaja hata kimoja. Aliinuka, akaosha mikono bombani, akaingia chumbani kwake.

Kabla ya wiki kwisha akahama. Alipata chumba Vingunguti. Guta la magurudumu matatu likaja asubuhi, vijana wakalilaza friza juu yake, wakalifunga kamba. Siwema alisimama nje ya pazia, akaaga. Zamda aliitikia kwa neno moja. Hata mkono hakuutoa.

Sasa nyumba ilikuwa na amani aliyoitaka Idrisa. Walinunua umeme, wakakaa kusubiri. Idrisa akawa anasema safari hii tutafika mwisho wa mwezi, mama, wewe tazama tu. Siku zilikwenda. Zamda akaanza kusahau. Kisha asubuhi moja, akiwa anakunja mswala, akasikia kutoka barazani: tii, tii, tii.

Alikaa chini palepale. Friza halikuwepo, Siwema hakuwepo, lakini umeme ulikuwa umekwisha karibu upesi uleule. Hakuhitaji kuambiwa. Alijua amemtoa mtu nyumbani kwa kosa lisilo lake. Majuto ni mjukuu, na mjukuu yule alikuwa ameshafika, amekaa naye mkekani.

Adhuhuri ile alikuja Mama Gaurav. Jina lake Shobhana, mama wa Kihindi wa Mchafukoge. Yeye na mumewe wana duka la vipuri vya friji na viyoyozi. Mrisho alimshonea blauzi za sari kwa miaka ishirini na zaidi, na toka msiba mama huyu alikuwa akija kumtazama mjane. Alimkuta Zamda macho yamemvimba. Akadhani ni kilio cha mume. Zamda akamweleza yote, bila kujificha.

Mama Gaurav alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mlianza na mtu, Zamda. Umeme hauliwi na mtu, unaliwa na kitu. Tuanze na vitu."

Alimwita Idrisa, akamtuma anunue umeme, kisha akamsimamisha barazani mbele ya mita. Akamwonyesha kitaa kidogo chekundu kinachopepesa. Kikipepesa haraka, umeme mwingi unatumika. Kikipepesa polepole, unatumika kidogo. Vitu vyote vikizimwa kabisa, kitaa nacho hutulia. Idrisa alikuwa amekiona kitaa kile miaka yote, na hakuwahi kujua kinasema nini.

Mama Gaurav akaingia ndani, kanga ya Zamda mabegani, akapita chumba kwa chumba. Alizima taa. Alizima feni, televisheni na redio, akachomoa na chaja. Alieleza kwamba taa za kisasa na chaja hula kidogo sana. Walaji wakubwa ni vitu vya kupasha joto na vya kupoza. Pasi, birika, jiko la umeme, kiyoyozi, friji iliyochoka.

Chumbani kwa Idrisa akakuta ndoo ya maji. Ndani yake kuna hita, ule waya wa chuma wa kuchovya kwenye maji, maji yanachemka bila mtu.

"Hii ya nani?" akauliza.

Idrisa alichungulia kutoka barazani. Alisema ni maji yake ya kuoga, aliyachomeka akasahau. Mama Gaurav akazima swichi, akachomoa, ndipo akaitoa hita kwenye maji. Alimwambia kwamba saa moja ya hita hii inakula kuliko friza zuri linavyokula mchana kutwa. Tena ni hatari, akitia mkono mle wakati imechomekwa atazikwa. Idrisa alinyamaza. Ulikuwa mwanzo wake wa kunyamaza katika nyumba ile.

"Haya, tumezima vyote," akasema Mama Gaurav. "Kitaa kinasemaje?"

Idrisa akajibu kwamba bado kinapepesa.

Mama Gaurav akaizima swichi kubwa ya nyumba. Kitaa kikatulia. Akasema afadhali. Kingeendelea kupepesa, shida ingekuwa kwenye mita au kwenye waya unaotoka huko, na hapo kazi ni moja tu, kuwaita watu wa umeme. Mita haifunguliwi na mtu wa nyumbani, wala nyaya hazishikwi. Kwa kuwa kimetulia, mlaji yumo ndani.

Akawasha swichi kubwa. Zile ndogo za kwenye boksi alizishusha zote, akawa anapandisha moja, anauliza, anaishusha. Ya uani, kitaa kimya. Ya vyumba vya nyuma, kimya. Akapandisha ya mbele. Idrisa akasema kinapepesa.

"Mbele kuna nini?" Mama Gaurav akauliza.

"Chumba changu, nacho umezima," Zamda alisema. "Na kile cha marehemu. Hakina mtu."

"Sikuuliza mtu, Zamda."

Zamda alimtazama. Kisha akageuka kuutazama ukuta wake, ule aliokuwa akilalia masikio. Mmmmm. Mlio ulikuwepo. Ulikuwepo kila siku, na yeye aliusikia kuliko mtu yeyote.

Alikwenda kuuchukua ufunguo chini ya mto. Akafungua, Mama Gaurav nyuma yake. Ndani kulikuwa na joto zito na harufu ya unyevu. Futi ya Mrisho ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Pembeni ya kitanda ilisimama ile friji ndogo. Mlango wake ulikuwa umeachia, upenyo wa kidole kimoja. Chini kulikuwa na maji. Juu ndani barafu ilikuwa imevimba, imefunika kila kitu.

Hapo Zamda alikumbuka. Ijumaa ile mchana alikuwa ameinama kwenye friji, anatafuta dawa. Alisikia pumzi ya mumewe imebadilika. Aliusukuma mlango kwa kisigino, akamkimbilia. Hakugeuka nyuma kuutazama. Nani angegeuka?

Mama Gaurav alichuchumaa. Alionyesha mpira wa mlango, umekatika kwenye kona na kulegea. Friji ikipoa vya kutosha, mashine yake hupumzika, alisema. Lakini mlango ukiwa wazi, joto linaingia, ubaridi unatoka, na mashine haipumziki. Hii haikuwa imepumzika toka siku ya msiba. Tena ilikuwa imebanwa ukutani, haina nafasi ya kutoa joto lake. Zamda alipogusa ubavu wa nyuma, akauondoa mkono upesi.

"Friza la Siwema lilikula umeme, sikatai," Mama Gaurav alisema. "Lakini ni jipya, linafungika, na alililipia. Hii ilikula na hakuna aliyeiona. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akanyoosha mkono kuchomoa. Zamda akamzuia. Alitaka kuichomoa mwenyewe. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda, ameshika plagi, midomo yake inacheza. Kisha akaivuta.

Mlio ukakatika. Toka barazani Idrisa akasema kitaa kimetulia. Zamda alikaa kwenye kitanda cha mumewe, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Mama Gaurav alikaa naye, amemshika bega, mpaka alipotulia.

Ndipo akamweleza jambo jingine, la kumwongezea uchungu. Siwema alikuwa amefika dukani kwake kutafuta mashine mpya ya friza. Vijana wa guta walililaza njia nzima, na walipofika wakaliwasha palepale. Friza husafirishwa likiwa limesimama. Likilazwa, liachwe wima mpaka kesho yake kabla ya kuwashwa, mafuta ya mashine yarudi mahali pake. Wao hawakujua. Mashine ilikufa, na Siwema hakuweza kununua nyingine. Siku hizo alikuwa akifua nguo za watu.

Kuanzia siku ile Zamda alianza kurekebisha mambo.

Friji ndogo ilitiwa mpira mpya. Mama Gaurav alimwonyesha namna ya kuupima. Unafungia karatasi kwenye mlango, kisha unaivuta. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka. Ikikwama, mpira ni mzima. Barafu iliachwa iyeyuke yenyewe, maana kuichokoa kwa kisu kunatoboa friji. Friji ilipowashwa tena iliwekwa mbali na ukuta, kiasi cha shubiri moja, na safari hii ilinguruma kidogo kisha ikapumzika. Hita ya Idrisa iliuzwa, akaanza kuoga maji ya baridi kama wenzake. Fundi umeme mwenye leseni aliitwa, akafunga mita ndogo kwa kila chumba. Tangu hapo kila mtu alilipia alichokula, na hakukuwa na haja ya kumkisia mwenzake.

Uniti zikarudi kufika mwisho wa mwezi, na mara nyingine zilibaki. Idrisa alifurahi. Zamda aliona ni haki yao, lakini furaha hakuipata.

Shemeji na mawifi waliporidhia, aliituma ile friji Vingunguti, imesimama wima kwenye guta, imefungwa kamba huku na huku. Mwenyewe alikuwa bado eda, akamtuma Idrisa. Pamoja na friji alituma ujumbe, kwamba mlaji wa umeme ameonekana, alikuwa chumbani kwa marehemu, na Zamda anaomba radhi. Idrisa aliporudi alisema Siwema ameipokea na ameshukuru. Zamda akauliza kama alisema jambo jingine. Idrisa akasema hapana.

Eda ilipokwisha, safari ya kwanza ya Zamda ilikuwa Vingunguti. Alimkuta Siwema kibarazani kwake, mikono ina rangi ya ubuyu tena. Siwema aliinuka haraka, akamtandikia mkeka, akampa pole ya upweke. Zamda alimwomba radhi kwa kinywa chake, macho kwa macho, bila pazia. Akamwambia chumba chake bado kipo, hakupangisha mtu.

Siwema alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeshakusamehe, Bi Zamda," alisema. "Toka moyoni. Lakini kurudi, hapana."

Bi Zamda. Hakusema dada.

Jua lilikuwa kali. Siwema aliingia ndani, akafungua ile friji, akaufunga mlango kwa mkono na kuubonyeza vizuri. Alirudi na barafu ya ukwaju, akampa mgeni wake. Zamda, kwa mazoea ya zamani, alinyoosha sarafu, akasubiri kufumbwa vidole.

Siwema aliipokea ile sarafu, akaingiza mkono kwenye kibindo chake, akamhesabia chenji.